Picha ya Jino la Refa

3 Machi

Dada,

Daktari wa meno amesema jana kwamba ndani ya kichwa changu, nyuma ya pua, kuna kitu ambacho yeye hakuwa anakitafuta. Nimeanza hivi kwa sababu ndivyo unavyopenda wewe na gazeti lako: habari mpya kwanza, na nani kaisema. Salamu zitakuja chini kama nafasi itabaki.

Sasa habari ya zamani. Unajua kwamba katika ile mechi ya mwezi uliopita, kipindi cha kwanza, mpira ulinipata mdomoni ukanivunja jino la mbele. Unajua pia kwamba dakika za mwisho nilikubali goli ambalo mshika kibendera wangu wa upande wa kulia anasema alishaliinulia bendera ya kuotea. Kamati ya nidhamu imenisimamisha. Shtaka ni kwamba nilinunuliwa. Nitasikilizwa tarehe 14 Aprili. Simu nimeizima tangu mashabiki walipobandika namba yangu mitandaoni, ndiyo maana unapata karatasi, tena kwa mkono wa kondakta wa basi.

Nilikwenda kwa daktari nipandikizwe jino, nisije nikasimama mbele ya kamati na pengo kama mtoto wa darasa la kwanza. Kabla ya kutoboa mfupa akataka picha. Wanakusimamisha kwenye mashine, unang'ata kijiti, kidevu kinakaa kwenye kibao, halafu mkono wa mashine unakuzunguka kichwa. Kwa jino moja picha ndogo ingetosha, lakini yeye alitaka kubwa, aone kama ule mpira ulipasua taya la juu. Haukupasua.

"Pengo lako liko salama," akaniambia, macho kwenye kompyuta. "Tatizo liko hapa juu."

"Daktari, nimekuja na jino moja, wewe unanitafutia kichwa kizima?"

"Kazi yangu inaishia kwenye taya. Huku si kwangu. Lakini nimeshaona, siwezi kujifanya sijaona."

Anasema katikati ya kichwa kuna kijishimo kwenye mfupa, kimekaa kama tandiko la punda, na ndani yake hulala tezi ndogo. Kijishimo changu kimepanuka na sakafu yake imelika. Kitu gani kimekipanua, picha ya meno haiwezi kusema. Amenipa barua ya kwenda hospitali kubwa. Kisha akaniuliza macho yangu yakoje. Nikamwambia mimi ni refa. Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Hilo si jibu," akasema.

Nitakwenda baada ya tarehe 14. Jambo moja kwa wakati. Mke wangu nimemwambia karatasi ile ni ya dawa za fizi, kwa hiyo usije ukamwambia vingine. Na usiandike chochote gazetini.

Salamu. Nafasi imebaki.

Kipenga

*

9 Machi

Mdogo wangu,

Daktari wa kichwa niliyemhoji mwaka juzi kwa habari nyingine amesema leo asubuhi kwamba tezi hiyo ikivimba hupanda juu, na juu yake ndipo zinapokutana neva za macho. Hakutaka kusema zaidi bila kumwona mgonjwa. Sikumtajia jina lako.

Nimemuuliza mtu aliyebanwa pale huona nini. Akasema anaona vizuri sana. Mbele. Kinachopotea ni pembeni, upande wa kulia na wa kushoto, na hupotea taratibu kiasi kwamba mwenyewe hajui. Hapati giza wala ukungu. Anaona kama anavyoona siku zote, isipokuwa vitu vya pembeni havipo.

Kwa hiyo nina swali moja, na nakuomba unijibu kama ungelijibu gazeti, si kama unavyomjibu dada. Kibendera ulikiona?

La pili si swali. Mashabiki wanakuita Feni. Nilimuuliza mwenzangu wa dawati la michezo kwa nini, akaniambia ni kwa sababu kichwa chako hakitulii uwanjani, kinakwenda huku na huku kama feni ya mezani. Akasema hukuwa hivyo zamani, umeanza misimu miwili iliyopita. Yeye aliona ni madaha.

Gazetini sitaandika. Mhariri anajua wewe ni ndugu yangu, na habari zako hazipiti mezani kwangu. Mkeo sitamwambia kwa sababu umeniomba, lakini sijapenda.

Dada yako

*

15 Machi

Dada,

Mimi nimesema, tena kwa maandishi mbele ya katibu wa kamati: kibendera hakikuinuliwa kwa wakati. Yule kijana aliinua baada ya goli, alipoona uwanja umechafuka. Video inamwonyesha ameinua mapema? Video ya simu ya mtu aliyekaa nyuma ya nguzo. Nilikuwa hatua chache kutoka kwake, Dada. Hatua chache. Kama kingekuwa juu ningekiona.

Na macho yangu usiyaguse. Mwezi wa nane tulipimwa marefa wote. Ukutani pameandikwa herufi, kubwa juu, ndogo chini. Nilisoma mstari wa chini kabisa, hadi jina la kiwanda kilichochapa bango. Daktari akawaambia wenzangu, "Huyu ndiye mwenye macho." Kuhusu kichwa kuzunguka, refa anayetazama mahali pamoja ni sanamu.

Sasa nikuambie kitu usichokijua kwa sababu hukuwahi kushika filimbi. Siku ya mechi ile mashabiki walileta bango limeandikwa MWENYE MACHO HAAMBIWI TAZAMA. Halikuniuma. Refa ametukanwa mwizi tangu mpira ulipoanza kuchezwa. Refa mwizi, wakikosa ushahidi, anarudi. Wakiupata, anafungiwa miaka miwili, kisha anarudi, na watu wanamkaribisha kwa matusi yaleyale kama ndugu aliyekuwa safarini. Refa asiyeona harudi. Hakuna kifungo cha kutoona. Kwa hiyo kama mtu ataniuliza nichague jina, mimi tayari nimeshachagua.

Na usiniletee ile methali ya mficha maradhi. Mama aliimaliza yote, haikubaki ya wewe kutumia.

Kipenga

*

20 Machi

Wifi yangu,

Zahanati ya meno imenipigia simu mimi, maana ya mdogo wako imezimwa, ikaniuliza kama mgonjwa ameshakwenda hospitali kubwa na ile barua. Nikawauliza barua gani, ya fizi? Yule daktari mwenyewe akaja kwenye simu. Amenieleza polepole mpaka nikaelewa. Sasa najua, na najua wewe ulikuwa unajua. Hilo tutalizungumza siku yake, wifi, leo sina nafasi nalo.

Nakuandikia kwa sababu ninyi mnaandikiana na mimi ndiye ninayekaa naye.

Mwaka mzima huu anagonga bega kwenye mlango wa jikoni. Bega la kushoto, akirudi bega la kulia. Namwambia mlango haujahama, anasema fundi aliuweka vibaya. Nikimwekea chai pembeni ya sahani ataimwaga, lazima. Nilidhani ni mawazo ya kazi. Mdogo wake wa mwisho, yule mwanajeshi, alikuja kumsalimia akasimama mlangoni upande wa kulia, akatoa salamu, mume wangu akaendelea kula. Yule akaondoka amenuna, anasema kaka amekuwa na maringo ya uwanjani.

Jana nimempima mwenyewe. Nilimkalisha mezani nikamwambia atazame chumvi, asiondoe macho kwenye chumvi. Nikasimama ubavuni na mwiko.

"Unauona?"

"Nauona."

"Uko wapi?"

"Si hapo kulia."

Mwiko ulikuwa nyuma ya mgongo wangu, wifi. Nikaurudia kushoto, nikautikisa kabisa. Akageuza jicho haraka, akasema huo hapo. Nikamwambia umetazama. Akasema hakutazama. Nikamwambia refa mzima unacheza rafu nyumbani kwako! Akacheka, na mimi nikacheka, halafu tukabaki kila mtu anaitazama ile chumvi.

Barua ya hospitali niliikuta ndani ya kiatu chake cha mechi. Nimeshaipeleka mwenyewe. Wamempa nafasi tarehe 30, picha ya mashine ya sumaku na kipimo cha macho siku hiyohiyo. Hajasema atakwenda wala hajasema hatakwenda. Wewe ndiye anayekuogopa. Mwandikie.

Wifi yako

*

24 Machi

Mdogo wangu,

Mkeo amesema amekupatia nafasi hospitali tarehe 30. Nenda. Hiyo ndiyo habari, yanayofuata ni maelezo.

Jumamosi nilikwenda dawati la michezo nikaomba video yote ya mechi. Si ile ya nyuma ya nguzo. Hii ilipigwa na watu wa ligi kutoka jukwaani. Nimeitazama mwanzo hadi mwisho, kama ninavyosikiliza kesi, nikiwa sina upande.

Kibendera kiliinuliwa kabla ya mshambuliaji kugusa mpira. Kilibaki juu muda wote. Ulikuwa umemwelekea kipa, kijana yuko ubavuni mwako, upande wa kulia, karibu kiasi kwamba ungenyoosha mkono na yeye akanyoosha ufito wa bendera, mngegusana. Hukugeuka. Mtu asiyekujua akiitazama atasema umenunuliwa. Mimi mwenyewe nisingekujua ningesema hivyo, na ningeliandika.

Lakini nilirudi kipindi cha kwanza, nikatazama mpira uliokuvunja jino. Beki aliupiga kutoka kushoto, ukaja juu kwa upinde mrefu. Wachezaji wawili wakainama. Mmoja anaonekana anakuita. Wewe umesimama wima, unatazama mbele, mikono yako iko chini. Hukupepesa. Mpira ukakufikia mdomoni kama mtu aliyelala.

Refa aliyenunuliwa, mdogo wangu, bado hujikinga uso. Mikono huinuka yenyewe, haiombi ruhusa kwa mwenye nayo. Ya kwako haikuinuka.

Kuna jingine, nalo silisemi kwa hasira. Katika maelezo yako kwa katibu uliandika kwamba yule kijana aliinua kwa kuchelewa. Dawati la michezo wamepata taarifa jana: naye ameitwa tarehe 14, kwa kosa la kuidanganya kamati. Ni msimu wake wa pili. Wewe ukibaki mwizi asiyethibitishwa, yeye anatoka mwongo aliyethibitishwa. Hilo jina hukulichagua wewe kwa ajili yako. Umemchagulia mwenzako.

Dada yako

*

2 Aprili

Dada,

Daktari wa upasuaji amesema jana: ni uvimbe wa tezi, ukubwa wa zabibu kavu iliyolowa maji, si saratani kwa namna anavyouona, na umezibana neva za macho kutoka chini. Dawa haitausogeza, huo ni wa kutolewa. Hawapasui fuvu. Wanapita puani.

"Puani?" nikamuuliza.

"Ndiyo njia fupi. Mlango upo tayari, kwa nini tubomoe ukuta?"

Nikamuuliza macho yatarudi? Akasema mengine hurudi yote, mengine nusu, mengine hubaki yalivyo, lakini neva zisipoachiwa yataendelea kupungua hadi katikati. Amepanga Alhamisi tarehe 16 Aprili. Siku mbili baada ya kamati. Nilimwomba aahirishe kidogo, akasema, "Wewe unaweza kusubiri. Mimi nina orodha. Macho yako hayasubiri orodha."

Ile picha ya jino nilikwenda nayo. Akaiweka kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu, akasema huyo daktari wa meno apewe soda. Wengi, anasema, hukata picha kwenye pua wakabaki na meno yao.

Sasa kipimo cha macho. Nakuambia kama kilivyokuwa, na ukicheka, cheka huko huko. Unaweka kidevu kwenye kibao, kama kwa yule wa meno. Unafunikwa jicho moja. Mbele yako bakuli kubwa jeupe, katikati nukta. Unaitazama nukta. Vitaa vidogo vinawaka huku na huku, ukikiona kitaa unabonyeza. Basi nikabonyeza, nikabonyeza, halafu vikaacha. Nikasubiri. Nikasubiri mpaka nikamhurumia yule dada anayeendesha mashine.

"Samahani," nikamwambia, "mashine yako imekwama."

"Haijakwama, baba. Vinawaka."

Nikaendelea kuitazama nukta. Alinipa karatasi baadaye: duara mbili, kila moja nusu yake ya nje imepakwa nyeusi kama mtu aliyemwaga wino. Nimeitazama nikitafuta mahali alipokuwa yule kijana. Yuko katikati kabisa ya weusi.

Kwa hiyo sikukiona. Uliniuliza tarehe 9 Machi, hilo ndilo jibu la gazeti.

Lakini kamati ni jambo jingine. Nikiwaambia, kila timu iliyopoteza msimu huu itasimama. Watauliza penalti ile, kadi ile. Nami sitakuwa na jibu, kwa sababu sijui nisichokiona tangu lini. Miaka kumi na sita ya filimbi, Dada. Naweza kumwandikia katibu kwamba nafuta maelezo yangu kuhusu yule kijana, bila kusema sababu. Yeye anapona, mimi nabaki nilivyo. Unaonaje?

Kipenga

*

6 Aprili

Mdogo wangu,

Katibu wa kamati, nilipompigia kama mwandishi yeyote na bila kutaja kesi, amesema mshtakiwa anayefuta maelezo bila kutoa sababu huhesabiwa kuwa amekiri. Kwa hiyo ukifuta ukanyamaza, kijana anapona na wewe unakuwa umenunuliwa, kwa karatasi yenye saini yako. Nimekuulizia ulichotaka kujua. Kuhusu ninavyoona mimi, sikuambii. Filimbi si yangu.

Nitasema tu kile ninachokijua kwa kazi yangu. Nimekaa mahakamani miaka mingi, nimeona watu wakichagua uongo unaowapendeza wasikilizaji. Mara nyingi huaminika. Shida yake ni kwamba huwezi kuuacha pale mahakamani ukatoka. Unakwenda nao nyumbani, unakula nao.

Mhariri ameuliza tena habari zako. Nimemjibu tena. Nitakuwa kwenye basi la Jumatano usiku, nifike kabla hujaingizwa. Wifi ameshaniambia nitalala wapi na ameshaniambia pia kwamba ana neno nami. Nimekubali yote mawili.

Dada yako

*

14 Aprili, jioni

Dada,

Mwenyekiti wa kamati ametamka leo saa tisa alasiri: shtaka la kununuliwa limefutwa, shtaka la yule kijana limefutwa, na leseni yangu ya uamuzi imeondolewa kuanzia leo, kwa sababu za kiafya. Barua hii naituma kwa basi la jioni, utaisoma kabla hujapanda la kwako.

Niliingia bila kujua nitasema nini. Walikuwa watano, meza ndefu, mwenyekiti ni wakili mmoja mnene. Kijana wangu alikaa kwenye kona na koti alilolikopa, maana mikono ilikuwa mirefu. Hakunitazama. Mwenyekiti akasoma maelezo yangu kwa sauti, yote, hadi pale "hakikuinuliwa kwa wakati", akaniuliza kama bado ninasimama nayo.

Nikasema, "Mwenyekiti, naomba kijana asimame hapa ubavuni kwangu, anyooshe mkono juu."

"Hapa si uwanjani."

"Ni dakika moja."

Kijana akasimama. Mimi nikamtazama mwenyekiti usoni, sikugeuka kulia wala kushoto. Nikamwambia, "Sasa niulize naona nini."

"Unaona nini?"

"Nakuona wewe. Tai yako imepinda. Nyuma yako kuna kalenda, wamesahau kufunua mwezi. Kijana simwoni."

Mjumbe mmoja akacheka, akadhani ni kejeli. Mwenyekiti hakucheka. Alinyoosha tai, kisha akamwambia kijana ahamie upande wa pili, polepole, bila kiatu kutoa sauti. Akaniuliza tena. Nikamwambia simwoni. Akaniuliza tena. Simwoni. Mara ya tatu kijana mwenyewe akasema, "Bosi, niko hapa," na sauti yake ilitoka karibu sana, karibu na sikio. Nikatoa ile karatasi ya duara mbili na picha ya jino, nikaziweka mezani.

Waliuliza nilichojua wataniuliza. Tangu lini? Nikasema sijui. Mechi zipi? Nikasema sijui. Yule aliyecheka akasema, "Kwa hiyo msimu mzima tulikuwa na refa nusu!" Nikamwambia nusu ya mbele ilikuwa nzuri. Mwenyekiti akamwambia anyamaze, lakini hakuniambia mimi ninyamaze.

Nje kijana alinisubiri kwenye ngazi, upande wa kulia, halafu akakumbuka, akazunguka akaja mbele.

"Bosi, ungesema tu. Ningekupigia hata kelele."

"Mshika kibendera hapigi kelele. Sheria."

"Sheria, sawa. Lakini wewe ungesema."

Nilimpa filimbi yangu. Akaitazama, akaiweka mfukoni mwa koti la kukopa, akaitoa tena kwa sababu koti lilitakiwa kurudi.

Nimepita kwa daktari wa meno kumweleza. Anasema kupandikiza jino kungoje pua ipone. Amenipangia tarehe 11 Juni, na safari hii picha ndogo inatosha. Kuhusu gazeti, sasa hakuna siri. Mpe mwenzako wa michezo aandike, si wewe, na umwambie aweke na ile ya mikono kutoinuka. Kama ataniita kipofu, sawa. Ila aandike pia kwamba goli halikuwa goli. Lilikuwa la kuotea. Kijana aliona vizuri.

Mechi zenyewe kamati itazijadili tarehe 30. Mimi Alhamisi tarehe 16, saa moja asubuhi, wodi ya upasuaji, ghorofa ya pili, mlango wa mwisho. Daktari anasema nikiamka atanipima papo hapo kwa vidole. Ukiingia, usisimame ubavuni kwanza. Simama mbele yangu nikuone, halafu usogee pembeni polepole, nami nitakuambia umefika wapi.

Kipenga